Siku Ambazo Kamba Ilitoka Kavu

Mambo yaliharibika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, katika darasa ambamo sisi wapima visima hukutana mara moja kwa mwaka.

Siku ilianza kama kawaida. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alishusha kamba ya mafundo kisimani, akaivuta, akahesabu mafundo yaliyolowa na kuandika daftarini. Nyumba ishirini mtaani hufanya hivyo kila asubuhi. Kabla ya mkutano tunaunganisha madaftari yote kuwa chati moja, tujue maji yanakwenda wapi. Kunakili chati ilikuwa kazi ya marehemu mama yake. Mwaka huu aliirithi yeye, na kwa mwandiko wake mzuri watu wakambandika jina la Karani.

Mimi nilipanga madawati, yeye akabandika chati ukutani. Mama Sindano, muuguzi mstaafu anayetuongoza, aliweka kiti chenye mto kwa ajili ya afisa wa maji.

"Leo tukimridhisha, tutachimbiwa kisima kirefu cha pampu," alisema. "Tukimkosa, watu watakunywa matope mwaka mwingine."

"Kwa mto huo, mama, mgeni atalala," nikamtania.

"Alale, mradi atie sahihi kwanza!"

Afisa alichelewa saa nzima, na radhi hakutuomba. Alisimama mbele ya chati, akatabasamu.

"Safi sana! Mwaka jana mliniletea karatasi yenye mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, nikaikataa. Hii imejaa. Tena inaonyesha maji yapo mwaka mzima. Basi hamna shida. Pampu itakwenda kwingine." Akatia sahihi fomu yake, akaanza kukusanya karatasi zake.

Mama Sindano akaisogelea chati.

"Karani, mjukuu wangu, mwezi wa kumi na mbili mimi sikuandika kitu siku kumi na tisa. Namba hizi ni za nani?"

Mtoto angeweza kusingizia madaftari, maana nani angeyakagua pale pale?

"Ni zangu, bibi. Nilidhani mlisahau kupima. Nikatazama namba ya kabla na ya baada, nikaweka ya katikati. Niliogopa chati itakataliwa tena."

"Hatukusahau. Kamba ilitoka kavu. Nani ataandika maji ambayo hakuyaona?"

Kisima chetu ni kirefu, hakijawahi kukauka. Mtoto angejulia wapi? Nilipaswa kumwambia mimi, sikumwambia. Lakini huyo aliyeukataa ukweli mwaka jana kwa sababu haukumpendeza machoni, kosa lake nani atamhesabia?

Karani alimkimbilia afisa mlangoni. "Samahani, mzee. Nimekosa mimi, si wao. Visima vinakauka. Kile pale ni kikavu tangu juzi, ni hatua thelathini tu. Njoo uchungulie."

Afisa alitazama viatu vyake vinavyong'aa, kisha saa yake. "Fomu imeshafungwa, binti. Leteni chati nyingine mwakani." Akaingia garini, akatuachia vumbi.

"Karani gani huyu!" alifoka fundi viatu. "Katujazia visima kwa kalamu!"

"Wewe nyamaza," Mama Sindano alimkatiza. "Lini ulisimama mbele ya watu ukasema nimekosa?"

Mchana ule Karani alipita nyumba kwa nyumba na madaftari. Akaandika chati upya, na kila penye pengo akauliza kwanza, ndipo akaandika: KAVU. Tukakubaliana iwe hivyo daima.

Mama Sindano aliwakusanya watoto wote. "Wajukuu zangu, usilolijua usilijaze. Uliza. Uongo hata ukiandikwa kwa mwandiko mzuri ni uongo, na mwenye kiu ndiye anayeulipia. Na ukikosea, sema mara moja, kama mwenzenu alivyosema."

Jumatatu tuliipeleka chati ofisini. Ikawekwa juu ya rundo la karatasi. Miezi mitatu sasa, watu wanachuja matope kwa vitambaa, na matumaini yangu nimeyakunja nikayaweka. Karani bado anapima kila asubuhi.

Juzi aliniuliza: "Baba, namba zangu za uongo zilikubaliwa kwa dakika tano. Hizi za kweli zinasubiri nini?"