Safari ya Chennai na Ng'ombe wa Mzee Ambwene

Jumamosi ya soko Tukuyu, mwaka 2006, Sekela aliingia studio ya picha kukwepa mvua, akamkuta mumewe amekaa kwenye stuli, tai nyekundu shingoni, nyuma yake pazia la buluu. Walikuwa hawajaonana miezi minne, tangu Sekela arudi kwao. Mpiga picha alimwomba Andongwisye asitabasamu. Hakukuwa na haja. Alipomwona mke wake, uso wenyewe uligoma.

"Picha ya pasipoti hiyo," Sekela alisema. "Unakwenda Sauzi kwa rafiki zako. Umenichoka kiasi cha kuikimbia nchi."

"Naenda India."

"Kuuza nini, ndizi?"

"Kutibiwa."

Sekela alimtazama upya. Andongwisye alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, mabega mapana, hajawahi kulazwa hata kwa malaria. Sekela alikuwa fundi cherehani wa Ibighi, na siku hiyo alivaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe. Lilimkaa vizuri mno, mpiga picha akasahau kazi yake.

Andongwisye alimvuta barazani, akamweleza huku anatazama matope. Walikaa miaka sita bila mtoto. Mwaka uliopita alikwenda Mbeya peke yake kupima, akaambiwa mbegu zake ni chache mno. Huko Chennai, India, kuna hospitali inayotungisha mimba nje ya tumbo kwa bei isiyofika nusu ya ile ya Afrika Kusini. Ila wanataka mume na mke waende pamoja, na yeye alikuwa bado anatafuta ujasiri wa kumpigia Sekela simu.

"Kwa hiyo shangazi zako waliponiita tasa, wakakuletea yule msichana wa kijiji cha Suma umwoe, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza ukila wali."

"Zilikuwa ndizi, mpenzi."

Sekela alitaka kucheka, hasira ikamzuia. Akamwambia wazi kwamba hapandi ndege na mwoga. Akaseme mbele ya baba yake na shangazi zake kuwa tatizo ni lake, naye Sekela awepo asikie kwa masikio yake. Asiposema, aende India peke yake.

Wiki nzima Andongwisye alipiga simu akimbembeleza akubali angalau awaandikie barua. Sekela alikuwa akikata.

Huku kwetu Rungwe mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anakata kona migombani. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa Sekela alijificha nyuma ya jiko, khanga kichwani, na uani Andongwisye akasimama mbele ya baba yake, Mzee Ambwene, na shangazi wawili.

Alisema. Aliyamaliza yote, hata lile neno mbegu. Shangazi Ikupa, yule aliyemtafuta msichana, akaanza ghafla kulalamikia bei ya sukari.

Mzee Ambwene akamgeukia ng'ombe wake aliyefungwa karibu na jiko, akapaza sauti kuliko ng'ombe anavyohitaji.

"Wewe ng'ombe, sikia. Nimemdhania vibaya mtu asiye na kosa. Nilimwona mwanangu mzima kwa sababu ana mabega. Naomba samahani. Na wewe nakuuza, wakapande ndege. Usinikodolee macho."

Nyuma ya jiko palikuwa na kuku watatu. Sekela akawaambia nao kwa sauti ya juu:

"Kuku, mfikishieni ng'ombe shukrani. Nimesamehe. Shangazi watasubiri kidogo. Na yule dereva aje, nimechoka kusimama kwenye majivu."

Andongwisye alizunguka jiko mbio. Walichoambiana huko hakikusikika, ila kuku walitimka.

Miezi miwili baadaye walikuwa Chennai, ukumbi umejaa wanandoa wa nchi nyingi, feni zinazunguka bila faida. Daktari, mama mwenye sari ya kijani, aliuliza kwa Kiingereza cha polepole mgonjwa ni nani. Wanaume wengine pale walikuwa wakiwatazama wake zao. Andongwisye, na Kiingereza chake cha darasa la saba, akasimama akanyoosha mkono.

"Mimi."

Sekela alimvuta shati akae, akaushika ule mkono.

"Sema sisi," akamwambia. "Tumekuja wawili."