Eksi ya Njano Kwenye Lami

Jua lilikuwa linazama rubani alipouona uwanja wa ndege. Akashusha pumzi. Nyuma yake, dada yake alikuwa amepiga magoti kando ya machela, amemshika mama yao mkono. Mama alikuwa anavuja damu kwa ndani tangu mchana, na hospitali ilikuwa pale pale, ng'ambo ya uzio wa uwanja.

"Jikaze, mama. Tumefika," dada alinong'ona.

Wapi!

Mwanzoni mwa lami palikuwa na eksi kubwa ya njano, mistari miwili iliyopishana. Mwisho wake, nyingine. Rubani yeyote anaijua alama hiyo tangu darasani: njia imefungwa, usitue. Huenda wamechimba mtaro, huenda wameacha mashine katikati, na kwa giza lile lililoanza kuingia huwezi kuviona mpaka mmeshakufa wote.

Aliita redioni. Ikajibu sauti ya kiume, imetulia... imetulia mno.

"Njia iko wazi. Shuka."

"Naona eksi!"

"Eksi gani? Shuka, kijana."

Nywele zikamsimama. Humo ndani ya ndege mkanuka udongo mbichi, kama kaburi linapochimbwa. Huyu si mtu, alijiambia. Anataka niwaue ndugu zangu. Alifundishwa kuamini alama kuliko sauti, naye akaamini alama. Akavuta usukani, wakapaa kuelekea uwanja wa mbali.

Mama hakufika.

Mazishi yalipokwisha alirudi kwenye uwanja ule wa kwanza kwa gari, yeye na dada yake. Lami ilikuwa safi. Hakuna rangi, hakuna mtaro, hata jiwe. Mwongoza ndege, mzee mwenye sauti ile ile iliyotulia, alimtazama kwa uchungu.

"Nilikuita mpaka koo likanikauka. Daktari alikuwa amesimama hapa, anakusubiri."

Rubani akakaa chini papo hapo, akalia kama mtoto. Jamani, nani kamchezea macho? Kamkosea nani? Sheria aliyoiheshimu miaka yote ndiyo iliyomuulia mama yake.

"Dada, kweli hata wewe hukuiona?"

Dada akageuka kuitazama lami.

"Eksi sikuona, mdogo wangu. Nilichungulia dirishani nikaona watu wamelala kwenye lami, wamepishana, wamejifunika shuka za njano. Mmoja akafunua uso."

"Nani?"

"Mama."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mkono wake nilikuwa nimeushika, na bado ulikuwa na joto."