Wifi Yangu Alichimba, Mimi Nikamfungia Banda

Nina miaka arobaini na sita, mama wa watoto wanne, mkulima hapa nje kidogo ya Garsen. Haya nitakayowaambia sijamwambia hata mume wangu... uso wangu nitauweka wapi?

Marehemu kaka yangu ndiye aliyetutoa Kaloleni akatuleta Tana kulima. Alipofariki alimwachia mkewe, Kadzo, banda la nguruwe. Mimi nami nikajenga langu jirani. Kila wiki mbili mchinjaji wa Malindi alikuja na pikapu, akabeba wa Kadzo na wangu pamoja. Peke yake, hakuna kati yetu aliyeweza kulijaza gari lile.

Lakini uchafu wa mabanda yetu ulikuwa ukiteremka mtoni. Jirani zetu Waorma wananywesha ng'ombe hapo chini, na maji hayo hayo ndiyo wanayotawadhia. Wakalalamika. Walikosea? Hata! Afisa wa mazingira akaja, akasema kila banda liwe na shimo la kinyesi lililosakafiwa kwa simiti, na nguruwe wasizidi uwezo wa shimo. Akatupa miezi mitatu.

Kadzo alichimba mwenyewe, kwa jembe, katika udongo ule mweusi unaonata, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Na mimi? Nilisimama nikimcheka! "Wifi, huyo afisa anataka nguruwe wapewe choo cha kuvuta?" Nikasema nitachimba baada ya mavuno... kisha baada ya mvua... ulimi wangu huu!

Jumatatu moja nikasikia afisa atakuja Alhamisi. Na shimo langu sijaligusa! Nikawaswaga nguruwe wangu tisa hadi kwa Kadzo. "Wifi, nisitirie hawa siku mbili tatu, nirekebishe paa." Hakuuliza chochote, akawafungulia mlango.

Alhamisi afisa alikuta banda langu tupu, limefagiliwa. Nikamwambia nimeacha kufuga. Akaandika, tukaongozana hadi kwa Kadzo. Lo! Shimo limefurika, uchafu umeshika njia ya mtoni.

"Mama, hawa wote ni wako?" afisa akamuuliza.

Kadzo akanitazama. Jamani, alinitazama! Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nikainamisha kichwa, nikawa nachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Ni wangu," akasema.

Banda likafungwa. Akapewa wiki moja kuwaondoa wote, na mchinjaji, alipoona hatuna ujanja, akawanunua kwa bei ya kutupa. Sehemu yangu Kadzo aliniletea mwenyewe mkononi... nami nikaipokea! Mtu gani mimi?

Baadaye nilichimba shimo, nikanunua wengine wanne. Nikampigia mchinjaji. "Mama, wateja wangu hawali maneno," akanijibu. "Leo mnajaza gari, kesho hamna hata mmoja. Nimepata watu wengine." Basi nikabaki na shimo zuri na nguruwe wasio na mnunuzi.

Kadzo alirudi kwao Kaloleni. Siku ya kuondoka nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa akifunga mzigo wake, hakuinua macho. "Ulivyoinama, nilimwona kaka yako, wifi. Nikashindwa." Haki ya Mungu, heri angenizaba kofi!

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi sikuchimba, nikamtumbukiza aliyechimba.

Wasomaji wenzangu, hasa mnaofuga kando ya mto: ukiambiwa chimba, chimba! Sheria si adui yako. Na ukikosea, fungua mdomo siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukweli ukicheleweshwa hulipwa na asiyehusika. Mara mbili nimefika kwenye lango la ofisi ya afisa ili nimweleze... mara mbili nimegeuka.

Kadzo wifi yangu, kama kuna mtu anakusomea haya, mwambie asome kwa sauti, watu wote hapo kwenu wasikie. Wale tisa walikuwa wangu.