Laptopu ya Viateur

Jioni ile Kabatesi alikuwa na shughuli moja tu: afike mpakani Grande Barrière kabla haijafungwa, achukue laptopu yake, arudi nyumbani ale viazi. Basi. Nyuma yake kijana wa baiskeli alikuwa anasukuma taipureta mbili zilizofungwa kwa kamba za mpira, na kwenye kila jiwe zilipiga kelele, chuma kwa chuma.

Hizo taipureta ndizo alizokuwa anakwenda kubadilishana kwa laptopu hiyo. Usimcheke. Mwaka ule wa tisini na nane, kila mwenye ofisi ya kuchapia barua pale Gisenyi alikuwa na kilio kimoja: umeme. Kompyuta kubwa ya mezani ya Kabatesi ilikuwa inazimika katikati ya sentensi, kazi ya asubuhi nzima inapotea hivi hivi, na mteja amesimama mlangoni anakukodolea macho. Mdogo wake Uwamahoro, ambaye ndiye mchapaji, alikuwa ameshautukana umeme kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili cha Karagwe walikokulia, na kwa Kifaransa alichookota juzi juzi. Sasa mtu akikuambia kuna laptopu ya hali ya juu, ya wakubwa wa miradi, inayofanya kazi bila waya, utakataa? Thubutu!

Viateur alikuwa anamngoja kwenye baa ndogo pale mpakani, karibu na ziwa. Mfanyabiashara wa Goma, ng'ambo ya mpaka, koti zuri, maneno mengi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Karibu dada. Ikala kwanza."

Bia ikaja. Viateur akamimina kidogo, akanywa yeye kwanza mbele ya macho yake, ndipo akampa. Huku ndiyo desturi. Anayekupa kinywaji lazima akionje, ujue hakina kitu ndani. Asipoonja, hupokei hata maji, awe shemeji yako.

Kisha akaitoa laptopu. Nyeusi. Nzito. Imetengenezwa vizuri mpaka ukatamani kuipapasa. Viateur aliifungua kwa ncha ya kalamu. Akabonyeza swichi kwa ncha ya kalamu. Kabatesi aliiona ile kalamu vizuri sana, na hakuuliza.

"Haya, niambie uzuri wake."

"Uzuri? Mama! Kioo yake iko clair, vibonye yake iko laini. Na betri yake haiishi. Hata kidogo."

"Na ubaya?"

Viateur akageukia ziwa.

"Inakuwaka na moto. Na iko muzito."

"Basi?"

"Donc, njo ile tu."

Palikuwa na harufu. Kabatesi alidhani inatoka jikoni, kwato za mbuzi zinachomwa. Lakini Viateur alipoifunga ile laptopu, kwa kalamu vilevile, harufu ikakatika. Kabatesi akamwachia taipureta, akaondoka na mashine ndani ya mkoba wake.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake. Uwamahoro hakungoja hata kula. Akaiweka mapajani, akaiwasha, na chumba kizima kikapata mwanga.

"Yampayinka! Dada, hii siyo mashine, hii ni mume!"

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Haikuchukua muda, sifa zikaenea. Mwalimu Théogène alikuja na mitihani yake, akaizunguka ile meza kama mtu anayenunua ng'ombe. Yeye alishawahi kutumia laptopu kwenye mradi mmoja, na hakuwa na hamu nazo. Zile za bei, alisema, zinakudanganya kwa kioo kizuri, halafu betri haimalizi hata misa moja. Zinakuchoma mapaja. Ukizibeba, bega linashuka. Ikiharibika, fundi yuko Nairobi au hayupo kabisa.

"Hii yenu betri inakaa saa ngapi?"

"Haijawahi kuisha," Uwamahoro alisema.

"Mnaichaji lini?"

Dada na mdogo wake wakatazamana. Waya wa chaja ulikuwa bado umekunjwa vilevile ulivyotoka Goma. Kabatesi akausukuma chini ya meza kwa mguu. Kazi zilikuwa zinaingia, nani anataka kujiharibia?

Lakini Uwamahoro alianza kupungua. Kwanza vidole. Vilikuwa vyeupe nchani, vimesinyaa, kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Kisha mashavu. Alikula huku mkono mmoja uko kwenye vibonye.

"Pumzika basi, mwali wangu."

"Nikiinua mikono inauma, Dada. Nikiirudisha, inaacha."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama anaomba radhi. Kabatesi alimlea huyu binti tangu mama yao alipofia Karagwe, wala hakuwa amebakiza mtu mwingine duniani. Na bado akamwachia mashine. Ndivyo alivyofanya, tusimpambe.

Jumamosi, jua linazama, alirudi kutoka sokoni Mahoko na kapu la viazi. Kutoka nje alisikia.

Tka... tka... tka...

Hapakuwa na kazi siku hiyo. Karatasi zote zilikuwa zimekwisha jana yake.

Alisukuma mlango. Harufu ya kwato zilizochomwa ikampiga usoni. Uwamahoro alikuwa ameketi sakafuni, laptopu mapajani, macho yamefumbwa. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Kila kidole kikigusa kibonye, kilitoka na damu. Damu ikateremka kwenye upenyo kati ya vibonye.

Ikaingia ndani.

Hakuna tone lililobaki juu. Vibonye vilikuwa vikavu, safi, vinang'aa.

"Uwamahoro!"

Alimshika mabegani akavuta. Hakuvutika. Kabatesi akaweka goti ukutani, akavuta kwa nguvu zake zote, na yule mdogo wake mpole, asiyewahi kumjibu vibaya, akageuza shingo akamng'ata mkono. Meno yakazama. Kabatesi akapiga yowe, akampiga kofi, akapiga tena, jino likaruka likaanguka ndani ya kapu la viazi. Uwamahoro hakufumbua macho. Vidole havikusita.

Tka tka tka tka.

Kabatesi akapandwa na wazimu. Akauchukua mchi wa kutwangia majani ya isombe, akauinua kwa mikono miwili, akaushusha juu ya kioo cha ile laptopu.

Kaa!

Haukuwa mlio wa plastiki. Ulikuwa mlio wa mfupa.

Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Ila bega la Uwamahoro lilikuwa limening'inia, na mtulinga umechomoza chini ya ngozi, umevunjika vipande viwili. Akalia mara moja tu, kilio kirefu. Halafu, kwa mkono wa upande ule uliovunjika, akaendelea kuchapa.

Kabatesi alikesha naye, anamtilia uji mdomoni kwa kijiko. Mchana kutwa wa Jumapili aliwaita majirani, na wote walikuja, wakaona, wakafanya ishara ya msalaba, wakaondoka. Jioni akakimbilia Grande Barrière.

Viateur alikuwa kwenye foleni ya wanaovuka kurudi Goma. Kabatesi hakumsalimia. Alimpiga ngumi ya mdomo, akamkamata ukosi wa koti, akamkokota hadi nyuma ya kibanda, na watu wakapisha. Askari waliangalia wakadhani ni mambo ya mke na mume.

"Umenipa nini? Sema! Umenipa nini?"

Viateur akatema damu. Hakupigana. Polepole akautoa mkono wa kushoto mfukoni.

Ulikuwa kiganja kitupu. Vidole vyote vilikuwa vimekatwa, na ngozi imeshonwa vibaya, imekunjamana.

"Nilikata mi mwenyewe," alinong'ona. "Na shoka. Ile machine inashikaka mukono yenye inaigusa. Haiachie. Itamunywa mpaka amalizike. Bibi yangu Xavérine, mama ya watoto yangu, ilimumaliza. Mi niliikala kwa nafasi yake, nimalize kazi yake... njo vile ikanishika."

"Ni ya nani? Imetoka wapi?"

"Sijue. Watu waliiokota ku barabara ya Sake. Iko wazi, inawaka, hakuna mutu. Vidole tu."

"Kwa nini hukuitupa ziwani?"

"Niliitupa, dada." Machozi yakamtoka. "Halafu nikajikuta niko ndani ya mayi, naizamia. Nayitafuta. Nikajua lazima ivuke mupaka, iende mbali na mi."

Kabatesi alitaka kumnyonga. Mikono yake ilikuwa tayari shingoni.

"Bia nilionja mbele yako," Viateur alisema. "Machine sikuionja. Uliona. Nilikuwa naomba Mungu uniambie: Viateur, onja. Ningekatala, ungeenda zako. Juu ya nini hukuniuliza?"

Akamwachia. Angepokea bia isiyoonjwa namna ile? Asingeipokea.

"Afanye nini mdogo wangu?"

"Ukate. Vidole ao roho. Na uende mbio, giza haiyaingia."

Aliingia nyumbani na panga la kukatia majani ya ng'ombe, aliloliazima kwa jirani bila kueleza. Uwamahoro midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa mwepesi, mifupa na kitenge tu. Safari hii alifumbua macho, akaliona panga, akaelewa.

"Dada, usikate. Nitachapa na nini?"

"Utaishi. Fumba macho, mama. Fumba."

Wote wawili walikuwa wanalia. Kabatesi alimshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, akakikandamiza kisicheze. Akakikandamiza palepale kilipokuwa, juu ya vibonye. Panga likapanda...

Mikono ya Uwamahoro ikalegea.

Ikaachia yenyewe, yote miwili, kwa mara moja. Binti akaporomoka chali sakafuni, anatweta, vidole vyake kumi viko mahali pake, vimejaa vidonda lakini vipo. Kabatesi akacheka kwa furaha. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo aliposikia joto.

Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeangukia juu ya kibodi, mahali pa mkono wa Uwamahoro.

Haikuuma. Hakuna aliyemwambia kwamba haiumi. Viateur hakumwambia, Uwamahoro hakujua la kusema. Ilikuwa raha. Joto lilipanda polepole mkononi, likafika kwapani, likaingia kifuani, na Kabatesi akakumbuka mgongo wa mama yake, jinsi alivyobebwa njia nzima amelala, hajui wanakwenda wapi wala nani anawafuata. Uchovu wote wa miaka ile ukamtoka. Vibonye vilikuwa laini. Jamani, vilikuwa laini.

Tka.

"Dada, toa mkono."

"Ngoja kidogo."

"Dada! Toa mkono!"

"Nimesema ngoja!"

Panga lilimponyoka. Uwamahoro akajiburuta, akaliokota kwa mkono wake mzima. Kabatesi akamwona anakuja, akampiga teke. Hakumpiga popote tu. Alilenga mtulinga uliovunjika, akijua, akalenga tena palepale, na mfupa ukatoboa ngozi.

"Ukiigusa nitakuua!"

Hakuwa pepo aliyesema hivyo kinywani mwake, kama watu walivyodai baadaye pale kanisani. Alikuwa yeye. Alimaanisha.

Uwamahoro alikata.

Pigo la kwanza halikutosha. Alikuwa dhaifu, na panga butu. Akakata la pili, anapiga mayowe kuliko yule anayekatwa, akakata la tatu. Damu ikaruka juu ya kioo. Kioo kikainywa yote, kikazidi kung'aa, na vile vidole vitano vilivyobaki juu ya kibodi, bila mkono, vikachapa kidogo...

Tka. Tka.

Vikanyamaza.

Majirani waliwapeleka wote wawili hospitali. Kwa haraka ile, nani angekumbuka kufunga mlango? Uwamahoro aliporudi baada ya siku chache, bega limefungwa, alikuta meza tupu. Laptopu haikuwepo. Vidole pia havikuwepo. Alimuuliza jirani, alimuuliza mwalimu Théogène, aliuliza mtaa mzima. Hakuna aliyeona mtu. Na kama kuna aliyeona, basi hasemi, kwa sababu sasa anayo.

Sasa mwaka wa tisini na tisa unakaribia kwisha. Uwamahoro amenenepa kidogo, anachapa tena, kwa mashine ya kukodi. Dada yake hamsemeshi. Wanakula chungu kimoja, wanalala chumba kimoja, neno hakuna. Watu wanasema anamchukia kwa sababu ya mkono. Wanamwambia: msamehe mdogo wako, alikuokoa roho.

Kila jioni Kabatesi hujifunga kitenge, akaingia mjini. Anapita kwa wauza redio, kwa wabadilisha fedha, kwa akina mama wanaovuka na vikapu. Kwa sauti ya upole anawauliza kama kuna mtu ana laptopu nyeusi, nzito, isiyoisha betri. Anawaonyesha kile kigutu, na wao wanamhurumia sana. Wanasema, tazama mama wa watu, anahangaika kutuonya.

Uwamahoro humfuata kwa mbali, amejitanda mpaka machoni. Anaomba Mungu kila mtu ajibu hapana. Maana yeye alikuwepo hospitali dada yake alipozinduka. Aliona akiutazama mkono uliokatwa bila kushtuka, kisha akainua uso na kuuliza swali moja tu, na hajamwambia neno jingine mpaka leo.

"Umeiweka wapi?"