Safu ya Saba

Waligongana kwenye kaunta ya mafaili, saa nne asubuhi, wagonjwa wamejaa hadi mlangoni. Yeye, mtakwimu wa hospitali, alivaa gauni la kijani lililopauka mabegani, mafaili yamemfika kidevuni. Yule bwana alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, koti jeupe limenyooka utadhani halijawahi kukaliwa. Mafaili yote yakasambaa sakafuni.

"Pole, dada. Nichape tu."

"Nikuchape niharibu mikono ya kupasulia watu? Okota!"

Akaokota. Basi, yakaanza hivyo.

Daktari alikuwa akitafiti majeruhi wa kichwa, na mafaili yale hayakusomeka ila kwa mwenye subira. Mwenye subira ndiye yeye. Kwa miaka miwili alisoma mafaili mia sita na kumi na mbili, akayapanga kwenye jedwali la kompyuta kwa vifupisho vyake mwenyewe. Daktari humletea chai, humvua miwani, humbusu kwenye paji la uso.

"Mke wangu mtarajiwa, utapofuka."

"Nikipofuka utanipasua."

"Kichwa chako sikigusi. Humo ndimo ninamoishi."

Jamani, maneno hayo si humlaza mtu usingizi! Shoga yake wa masijala alimwonya, "Penda, lakini jina lako liandikwe." Maana chuo kikuu kilikuwa tayari kumchukua kwa shahada ya uzamivu, kwa sharti moja tu: awe na makala iliyochapishwa yenye jina lake. Daktari alijua. Aliapa kabisa kwamba ataliandika.

Makala ikatoka. Ilikuwa na majina manne: la daktari, la mkuu wake wa idara, na mawili ya watu ambao hawajawahi kufungua faili hata moja. La kwake halikuwepo, hata kwenye shukrani.

Alimpigia simu papo hapo.

"Umenisahau?"

"Nikusahau wewe, mpenzi? Kamati ya vyeo inajua tuko pamoja. Wangesema nimempachika mchumba. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unamlinda nani?"

Jioni hiyo akaja nyumbani na pete. Mama mtu akawaachia sebule, uso umemchanua.

"Tuoane," daktari akasema. "Jina langu si litakuwa lako?"

"Pete nzuri. Lakini nataka barua. Mistari mitatu kwa wahariri: tulimwacha mwenzetu. Chuo kinafunga maombi Ijumaa."

Daktari akaitazama saa yake. "Kamati ikishakaa, mpenzi. Miezi mitatu tu."

Ijumaa ikapita. Jumatatu pete ikarudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki, zile za hospitali. Mama mtu alinuna wiki nzima.

Mwaka ukapita na ushei. Makala ikanukuliwa mara mia tatu, daktari akawa profesa, picha yake ikabandikwa ukutani pale mapokezi. Yeye alikuwa palepale kwenye kaunta, na gauni lilelile. Siku moja simu ikalia.

"Mpenzi... samahani, dada. Jarida linataka maelezo. Kwenye jedwali, safu ya saba, umeandika MK. Ni nini? Nimewauliza wenzangu wote, hakuna ajuaye. Nikikosa jibu wataifuta makala."

Alikuwa bado anampenda, tudanganyane ya nini? Na jibu alikuwa nalo mdomoni: muda wa kungoja, saa ambazo kila mgonjwa alikaa kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Alizihesabu mwenyewe, moja moja. Makala ikifutwa, jasho lake nalo limefutwa.

"Dada? Upo?"

"Waulize waandishi, profesa. Si mko wanne?"

Akakata simu. Kisha akavuta faili lililofuata, akalifungua ukurasa wa kwanza, na machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima.