Rili Kubwa na Fimbo ya Buluu

Kifungo alinunua fimbo ya kuvulia isiyoifaa rili ya mjomba wake, kisha akasema inaifaa. Hayo yalikuwa makosa mawili. La kwanza lingeweza kurekebishwa asubuhi moja. La pili ndilo lililoleta taabu.

Rili, kwa asiyeijua, ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja na kuachia mshipi, yaani ule uzi wa kuvulia. Hii ya mjomba ilikuwa ya chuma, kubwa na nzito, na mpini wake ulikuwa umelainika kwa kuzungushwa miaka mingi. Ilikaa ndani ya soksi ya kuchezea mpira ambayo mwenzake ilikwisha kupotea. Kila yeye na mjomba walipotoka kuvua, Kifungo aliiosha rili kwa maji ya bomba ili kuondoa chumvi, akaifuta, akaitia tone la mafuta, akairudisha kwenye soksi yake. Hakuna kitu nyumbani alichokijua vizuri kama rili ile, na hakuna alichokitamani zaidi.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina la Kifungo alibandikwa alipokuwa mtoto wa kutambaa, siku alipomeza kifungo cha shati la mjomba. Mjomba hakuwahi kusahau. Mpaka leo, akikasirika kidogo, humwambia, "Na kifungo changu hujanirudishia."

Mjomba alikuwa fundi wa injini za boti. Siku za kazi alishinda karakanani na mikono imejaa grisi, na siku ya mapumziko alikwenda na Kifungo kuvua kwenye ukuta wa bandari. Lakini fimbo yake ya zamani ilikuwa imechoka. Chumvi ilikuwa imezila pete zinazopitisha mshipi, na siku moja ikakatika yenyewe ikiwa imeegemezwa mlangoni. Wiki hiyohiyo kifuniko cha injini kilimbana vidole vya mkono wa kulia, akafungwa bendeji nene kama mkate.

Basi akamwita Kifungo, akampa pesa za fimbo na soksi yenye rili.

"Nenda nayo dukani," alimwambia. "Usichague fimbo kwa macho. Ifunge rili kwenye fimbo, pitisha mshipi kwenye pete, uone kama imekaa. Ikikaa, lipa. Ukiniletea fimbo inayoifaa, rili hii ni yako."

Kifungo alitoka mbio, nusura asahau kuvaa viatu.

Kwenye kona ya nyumba alimkuta binamu yake, kijana wa umri wake mwenye ulimi usiolala. Binamu aliitazama ile soksi, akaziba pua. Alisema inanuka kama kopo la chambo, na kwamba watu wa dukani watadhani Kifungo anatafuta mguu wa kuuvalisha. Kifungo akacheka, lakini maneno yalimwingia. Njia ya dukani ilipita mbele ya nyumba za wanafunzi wenzake. Isitoshe, rili ilikuwa nzito. Akaificha soksi nyuma ya pipa la maji, wakaondoka mikono mitupu. Alijiambia kwamba rili yenyewe anaijua kichwani.

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa chumba kirefu chembamba, fimbo zimesimamishwa ukutani kama watu walio kwenye foleni. Mwenye duka walimwita Bi Ndoana, kwa sababu mteja aliyeingia hakutoka bila kununua kitu. Alivaa miwani mikubwa na alizoea kuuliza maswali mengi.

Kifungo aliiona ile ya buluu kabla hata hajasalimia. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, imezungushiwa nyuzi zinazometameta. Aliitikisa, ikalia fyuu hewani. Mkononi haikuwa na uzito wowote, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi, lakini lilimfurahisha.

"Rili yako iko wapi?" Bi Ndoana aliuliza.

"Iko nyumbani. Nimeshaipima."

"Ina ukubwa gani?"

Kifungo akakunja ngumi. "Kama hii."

Mjomba mwenyewe alizoea kusema kwamba rili yake ni kubwa kama ngumi. Lakini ngumi ya mjomba ilikuwa ngumi ya fundi wa injini. Kifungo alilijua hilo, na kwa muda mfupi alisita. Kisha akaitazama tena ile ya buluu.

Bi Ndoana alisema kwa rili ndogo namna hiyo fimbo ile inafaa kabisa. Akaonya asije akaifunga iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa ni fimbo ya samaki wadogo. Kifungo akaitikia, akalipa.

Nyumbani, nyuma ya pipa, ukweli ulijionyesha mara moja. Mguu wa rili, ile sehemu bapa inayolala kwenye fimbo, ulikuwa mnene kuliko nafasi yake. Walisukuma, wakageuza, wakasukuma tena. Haukuingia. Hapo Kifungo angeweza kurudi dukani. Fimbo ilikuwa mpya, haijaguswa na maji. Lakini angelazimika kusema kwamba hakuibeba rili, na rili isingekuwa yake siku ile.

Binamu akaleta utepe mweusi wa kufungia nyaya za umeme. Wakaizungusha rili na fimbo mpaka utepe wote ukaisha, na juu yake Kifungo akafunga kitambaa, eti mkono usiteleze.

Mjomba alikuwa jikoni akijitahidi kunywa chai kwa mkono wa kushoto.

"Imekaa?" aliuliza.

"Imekaa, mjomba."

"Uliijaribu dukani?"

"Niliijaribu."

Mjomba akatabasamu, akarudi kwenye chai yake. Hakunyoosha mkono kukagua. Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, alikitazama kile kitambaa kwa muda, kisha akamtazama bintiye. Kifungo akatoka nje.

Siku ya mapumziko walifika ukutani mapema. Maji yalikuwa yamejaa na watu walikuwa wamekwisha kupanga ndoo zao. Kifungo akatia chambo, akafunga chubwi ya kuzamishia mshipi, akarusha.

Mshipi haukwenda. Ulitoka kwenye ile rili kubwa kwa mizunguko mipana, ukafika kwenye pete ya kwanza ya fimbo, ambayo ilikuwa ndogo kama ya kuvaa kidoleni, ukajikusanya hapo ukipiga pete ta-ta-ta. Chubwi ikatumbukia karibu na ukuta. Akarusha tena, ikawa hivyohivyo. Mzee aliyekaa jirani akamuuliza kama leo amekuja kuwalisha kaa. Watu wakacheka, na Kifungo akacheka nao kwa shida, kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuuma. Rili ilivuta chini kama ndoo ya maji huku ncha ya fimbo ikielea juu kama unyasi.

"Mbona unahangaika?" mjomba aliuliza.

"Upepo," Kifungo akajibu.

Hakukuwa na upepo.

Ndipo samaki akashika. Hakugonga kama wale wadogo. Alichukua chambo na kuondoka nacho, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana haraka. Breki ya rili ilikuwa imekazwa kwa ajili ya mshipi mnene, na mshipi ule mnene ulikuwa na nguvu kuliko fimbo. Kwa hiyo mshipi haukukatika. Fimbo ilijikunja, ikajikunja zaidi, kisha ikapasuka karibu na ncha kwa mlio mkavu. Utepe ukateleza. Rili ikageuka upande na mpini wake ukachuna ngozi ya kidole gumba cha Kifungo, akaiachia. Ikaanguka kwenye mawe, ikabiringika kuelekea ukingoni.

Mjomba aliizuia kwa kandambili. Kama angechelewa kidogo tu, ingekuwa mali ya bahari. Mshipi ulikwaruza jiwe, ukakatika, na samaki akaenda zake.

Mjomba akachuchumaa, akaokota rili kwa mkono wa kushoto, akavuta kitambaa. Chini yake ukaonekana ule utepe mweusi.

"Hii haikukaa," alisema.

"Haikukaa, mjomba. Sikwenda nayo dukani. Niliiacha nyuma ya pipa, niliona aibu ya soksi. Nikamdanganya Bi Ndoana, nikakudanganya na wewe." Machozi yalimtoka, lakini aliendelea mpaka akamaliza, na hakumtaja binamu.

Mjomba hakupaza sauti. Alimfunga kidole gumba kwa kile kitambaa, akakusanya vipande vya fimbo.

"Fimbo itapatikana," alisema. "Lakini siku ile jikoni sikuigusa rili kwa sababu wewe ulisema imekaa. Nilikuwa na jicho, nilikuwa na mkono mmoja mzima. Sikuvitumia. Nilitumia neno lako."

Njia nzima ya kurudi hakutaja kifungo chake, na hilo lilimuuma Kifungo kuliko kidole.

Kesho yake walikwenda dukani, na safari hii soksi ilining'inia mkononi mwa Kifungo, mbele ya nyumba zote. Hakuna aliyeitazama. Dukani alitangulia kusema mwenyewe. Bi Ndoana alivua miwani, akaigeuza ile fimbo, akasema anaweza kuipunguza, kuitia ncha nyingine na kuiuza kama fimbo ya mtoto. Angewapa nyingine badala yake, iliyotumika, kwa sharti kwamba Kifungo aje kila Jumamosi asubuhi kupanga ndoana na chubwi mpaka sanduku kubwa liishe.

"Haya, chagua," alisema. "Mimi sikusaidii."

Kifungo alianza na moja ya kijani. Mguu wa rili uliingia, lakini pete ya kwanza ilikuwa ndogo. Akaitoa mwenyewe bila kuambiwa. Nyingine ilikuwa na pete kubwa, lakini alipovuta mshipi taratibu ilijikunja upesi mno. Ya mwisho ilikuwa ya kahawia, imekwaruzwa, sura yake kama mpini wa ufagio. Pete ya kwanza ilikuwa pana na imesimama mbali na fimbo, na hakuna pete iliyoshikwa na kutu. Maandishi karibu na mpini yalionyesha mshipi wa unene uleule uliokuwa kwenye rili. Aliilaza juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya rili. Ikatulia, haikuangukia nyuma wala mbele.

"Imekaa?" mjomba aliuliza.

Kifungo alikaza skrubu, akaitikisa rili kwa nguvu, akapitisha mshipi kwenye kila pete, akavuta.

"Imekaa, mjomba."

Mjomba akanyoosha mkono, akaitikisa na yeye. Kisha akatingisha kichwa kukubali.

Waliporudi ukutani, bendeji ilikuwa imeshatolewa. Kifungo alirusha, na mshipi ukatoka ukiteleza bila kelele, ukaenda mbali mpaka yule mzee jirani akainua kofia. Kabla jua halijawa kali alikuwa amemtoa samaki wa kutosha chungu cha nyumbani, na mama akaambiwa habari zake mara tatu kabla hajampaka chumvi.

Wakiwa wanaosha vifaa kwenye bomba, mjomba alisema alichokuwa amekihifadhi.

"Fimbo isiyoifaa rili siyo dhambi. Mtu hukosea, hurudi dukani, hubadilisha. Lakini ukishasema imekaa na haijakaa, hakuna wa kukusaidia, kwa maana hakuna anayejua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, mjomba. Na rili?"

"Soksi ni yako kuanzia leo. Rili tutaona. Na kifungo changu hujanirudishia."

Kifungo akacheka mpaka maji yakammwagikia miguuni.

Hesabu ya mkasa ule ni fupi. Ulikula ncha ya fimbo mpya, utepe mzima, ngozi ya kidole gumba, Jumamosi za mwezi mzima, na samaki mmoja ambaye hakuna aliyemwona. Rili ikabaki ya mjomba mpaka mwaka uliofuata. Na muda wote huo, kila Kifungo aliposema imekaa, mjomba alinyoosha mkono akaitikisa mwenyewe.