Sauti ya Hilaria Kwenye Kanda

Evarist alimfuta Hilaria kwenye albamu. Hakumuuliza. Alirekodi nyimbo zote upya juu ya kanda mama ileile waliyorekodia mwanzo, akaimba peke yake, na sauti ya mchumba wake ikapotea moja kwa moja.

Hilaria aliyasikia hayo dukani Nangwa, kanda ikizunguka kwenye redio ya kaunta, Evarist amesimama kando yake.

— Hii ni bendi yetu?

— Ni yetu, Hila. Nisikilize kwanza...

— Mimi niko wapi?

Bendi yao ilipiga posthadikoo: magitaa makali, makelele ya kutoka tumboni, halafu ghafla wimbo mpole. Redio hazikuugusa muziki huo. Ulitembea kwa kanda, mkono kwa mkono, kutoka Mbulu mpaka Gendabi. Evarist aliimba zile sehemu za upole. Makelele yalikuwa ya Hilaria.

— Mjomba Herman ndiye anapeleka posa yangu kwenu. Alisema baba yako akisikia binti yake ananguruma kwenye kanda yangu, ataikataa posa.

— Kwa hiyo ukanifuta ili unioe?

— Nakupenda, Hila.

— Unampenda nani? Huyo uliyemfuta?

Akaondoka. Jioni meseji yake ikaingia: "Mwambie mjomba wako asije. Tafuteni bubu kwingine."

Asubuhi Evarist akafanya jambo ambalo mchumba hafanyi. Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Bura, baba yake Hilaria.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Posa huletwa na wazee. Wewe umeleta nini?

— Nimeleta kosa, baba.

Akaeleza yote. Mzee Bura akamtazama kama ndama aliyeingia jikoni.

— Nani aliniuliza mimi? Huyu mtoto anafukuza fisi zizini kwa sauti hiyo tangu ana meno ya utoto. Mimi ndiye niliyemfundisha! Nenda kamwombe. Na iwe mbele ya watu, maana ulimfuta mbele ya watu.

Siku ya mnada wa Katesh bendi ikapanga vyombo karibu na ng'ombe. Evarist akashika maiki.

— Kanda mliyonunua ni ya uongo! Mwenye sauti amesimama pale kwenye magunia ya vitunguu. Hilaria, nilikosa. Nisamehe.

Watu wakageuka. Hilaria akaja taratibu, akampokonya maiki.

— Ukigusa sauti yangu tena, nakupasua na hilo gitaa.

— Nimekubali.

— Haya, piga!

Akanguruma. Wafugaji wakaacha kubishania bei, wakaanza kuruka, fimbo juu, vumbi likawafunika. Rekoda ilikuwa inazunguka. Kanda hiyo ndiyo vijana wa Arusha walikuja kuifuata kwa basi, wakaenda kuinakili mpaka mashine zikachoka.

Walioana baada ya mavuno, kanisa likajaa.

Gharama yake ni hii. Spika moja ilipasuka. Ng'ombe wawili walikurupuka mnadani na hawakuonekana tena. Nyimbo za mwanzo, vile Hilaria alivyoziimba, hakuna atakayezisikia. Na mjomba Herman, aliyerukwa Evarist alipokwenda mwenyewe kwa Mzee Bura, hakuja harusini. Mpaka leo Evarist akimpa shikamoo, haitikii.